Mwanga unavyofichua siri za fuwele ndogo zisizoonekana kwa macho

MNAMO Oktoba 4, 2023, Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi ilitangaza jijini Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo ilikuwa imewaendea wanasayansi watatu. Hao walikuwa Moungi Bawendi wa taasisi ya MIT, Louis Brus wa Chuo Kikuu cha Columbia na Alexei Ekimov wa kampuni ya Nanocrystals Technology ya New York, wote wakifanya kazi nchini Marekani.

Watatu hao walituzwa kwa kugundua na kuunda fuwele ndogo mno za semikondakta ambazo wataalamu huziita nukta za kwanta. Fuwele hizo leo zimo katika runinga za kisasa, katika taa na katika maabara ambamo madaktari huchunguza seli za mwili.

Hata hivyo, nyuma ya ushindi huo palikuwa na swali lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi. Je, mtu anaweza vipi kujua ukubwa na muundo wa kitu ambacho hata hadubini ya kawaida haiwezi kukionyesha?

Jibu lilipatikana katika mwanga. Si mwanga wa kupiga picha, bali mwanga uliotawanywa katika rangi zake na kupimwa kwa makini, rangi moja baada ya nyingine. Taaluma hiyo huitwa spektroskopia.

Udogo usio wa kawaida

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, yafaa kwanza kuutazama udogo wenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takribani nanomita 80,000. Fuwele yenye kipenyo cha nanomita nne ni ndogo kiasi kwamba ingebidi kuzipanga 20,000 bega kwa bega ili zifikie unene wa unywele huo mmoja.

Mwanga unaoonekana kwa macho nao husafiri kwa mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700. Mnamo 1873, mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba hadubini inayotumia mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita takribani nusu ya urefu wa wimbi, yaani nanomita 200 hivi.

Kutaka kuona umbo la fuwele ya nanomita nne kwa hadubini kama hiyo ni sawa na kutaka kuokota punje moja ya mtama kwa beleshi. Chombo chenyewe ni kikubwa mno kwa kazi hiyo.

Lakini si lazima kitu kionekane ndipo kitambulike. Mtu aliyeketi nyuma ya ukuta wakati wa sherehe hazioni ngoma zinazochezwa uani. Hata hivyo, akisikia mlio mwembamba wa haraka hujua ni chapuo, na akisikia ngurumo nzito hujua ni vumi. Ngoma ndogo hulia kwa sauti ya juu na ngoma kubwa kwa sauti ya chini. Ngoma iliyopasuka nayo hujitangaza yenyewe.

Hivyo ndivyo wanaspektroskopia wanavyozichunguza fuwele hizi. Huzipiga kwa mwanga, kisha husikiliza zinavyojibu. Tofauti ni kwamba jibu lake si sauti, bali ni rangi.

Asili ya taaluma hii ni ya kale. Katika miaka ya 1660, Isaac Newton alipitisha miale ya jua katika mche wa kioo na kuonyesha kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Mnamo 1859 huko Heidelberg, Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walithibitisha kuwa kila elementi ina rangi zake maalumu zinazoitambulisha, mfano wa alama za vidole. Kwa njia hiyo, dalili za gesi ya heliamu ziligunduliwa katika mwanga wa jua mnamo 1868, miaka 27 kabla ya gesi hiyo kupatikana hapa duniani.

Elektroni kifungoni

Semikondakta ni vitu ambavyo hupitisha umeme vizuri kuliko kioo lakini si vizuri kama shaba. Silikoni, ambayo ndiyo moyo wa simu na tarakilishi, ni mojawapo.

Katika vitu hivi, elektroni haziruhusiwi kuwa na kiasi chochote cha nishati zitakacho. Kuna kundi la ngazi za chini ambazo zimejaa elektroni, na kundi la ngazi za juu ambazo ziko tupu. Baina ya makundi hayo kuna pengo ambalo elektroni haiwezi kukaa ndani yake.

Mwanga wenye nishati ndogo kuliko pengo hilo hupita bila kuzuiwa. Wenye nishati ya kutosha humezwa, na elektroni huruka kutoka chini hadi juu. Elektroni hiyo ikirudi chini, mara nyingi huitema nishati yake kama mwanga mpya ambao rangi yake hufuata upana wa pengo. Pengo jembamba hutoa mwanga mwekundu au usioonekana kabisa, nalo pengo pana hutoa mwanga wa kijani, wa samawati au wa urujuani.

Katika kipande cha kawaida cha semikondakta, upana wa pengo hutegemea aina ya kitu chenyewe. Kukikata kipande hicho mara mbili hakubadilishi chochote, kama vile nusu ya mkate inavyobaki kuwa na ladha ileile ya mkate mzima.

Mambo hubadilika fuwele inapofikia nanomita chache tu. Hapo elektroni hubanwa mahali padogo kuliko nafasi ambayo ingeitawala ikiwa huru. Kwa mujibu wa kanuni za fizikia ya kwanta, elektroni inayobanwa hupanda nishati, na kadiri kifungo kinavyokuwa kidogo ndivyo inavyozidi kupanda. Kwa makadirio ya kawaida, kipenyo kikipungua kwa nusu, nishati ya ziada inayotokana na kubanwa huko huongezeka mara nne.

Matokeo yake ni kwamba fuwele za kitu kimoja, zilizoundwa kwa atomu za aina moja na kwa mpangilio mmoja, hutoa rangi tofauti kwa sababu ya ukubwa pekee. Fuwele za kadimiamu selenidi za takribani nanomita mbili hutoa mwanga wa samawati. Zikifika nanomita sita hivi, mwanga wake huwa mwekundu.

Mjerumani Herbert Fröhlich alikuwa amekwisha kutabiri mnamo 1937 kwamba vipande vidogo mno vya maada vingekuwa na tabia tofauti na vipande vikubwa. Kilichokosekana ni ushahidi.

Vioo vya Leningrad, chupa za New Jersey

Ushahidi huo ulianza kupatikana katika jiji la Leningrad, ambalo tangu 1991 limerejelea jina la St Petersburg. Ekimov alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Optiki ya Vavilov, na aliingiwa na udadisi kuhusu vioo vya rangi.

Mafundi wa vioo walijua tangu zamani kwamba kitu kilekile kikitiwa katika kioo chaweza kuleta rangi mbalimbali, kutegemea kiwango cha joto na namna kioo kinavyopozwa. Walijua jinsi ya kulifanya jambo hilo, lakini sababu yake haikueleweka vyema.

Ekimov alitengeneza vioo vilivyotiwa kloridi ya shaba na kuvipasha joto la kati ya nyuzi 500 na 700 za selsiasi, vingine kwa saa moja na vingine kwa saa 96. Alipovichunguza kwa eksirei, alikuta ndani yake fuwele ndogo, nyingine zikiwa na nanomita mbili tu na nyingine zikifika 30.

Kisha alipitisha mwanga. Vioo vyenye fuwele kubwa vilifyonza mwanga sawasawa na kloridi ya shaba ya kawaida. Fuwele zilivyozidi kuwa ndogo, ndivyo rangi zilizofyonzwa zilivyozidi kusogea kuelekea samawati. Aliyachapisha matokeo hayo mnamo 1981 katika jarida la Muungano wa Kisovieti.

Wakati huo dunia ilikuwa imegawanywa na Vita Baridi, na habari za maabara za Leningrad hazikufika Magharibi kwa urahisi. Huko New Jersey, Brus alikuwa mtafiti katika maabara za Bell, akitumia chembe za kadimiamu salfidi zilizoelea katika kimiminika. Nia yake ilikuwa kutumia nishati ya jua kuendesha mikinzano ya kemikali, wala hakuwa akitafuta nukta za kwanta.

Aligundua kwamba chembe zilizoachwa juu ya meza ya maabara zilibadilika namna ya kufyonza mwanga. Huenda mtu mwingine angeimwaga chupa ile na kuanza upya. Brus alishuku kwamba chembe zilikuwa zimekua. Alitengeneza nyingine mpya zenye kipenyo cha takribani nanomita 4.5 na kuzilinganisha na zile zilizokua hadi kufikia 12.5. Zile kubwa zilifyonza mwanga kama kadimiamu salfidi ya kawaida, lakini zile ndogo zilikuwa zimesogea kuelekea samawati.

Brus alichapisha matokeo yake mnamo 1983 bila kujua kuwa Ekimov alikuwa amemtangulia. Alipojaribu vitu vingine, alikuta mwelekeo ni uleule. Hilo lilikuwa muhimu, kwa kuwa badiliko la rangi lingeweza kudhaniwa kuwa ni matokeo ya uchafu au ya kemikali kuharibika. Watu wawili wasiojuana, katika mataifa hasimu, mmoja akitumia kioo na mwingine kimiminika, walikuwa wamesikia mlio mmoja.

Kupika kwa kufuata mwanga

Tatizo lililobaki lilikuwa la utengenezaji. Fuwele za mwanzo hazikulingana ukubwa, nazo zilikuwa na kasoro nyingi. Ni kama kundi la wapiga ngoma ambao kila mmoja ana ngoma ya kipimo chake, kiasi kwamba msikilizaji hupata kelele badala ya mlio mmoja safi.

Hapa ndipo alipoingia Bawendi, aliyezaliwa Paris na baba mwenye asili ya Tunisia. Alikuwa amefanya utafiti na Brus katika maabara za Bell kabla ya kwenda MIT mnamo 1990. Baada ya kutuzwa, aliwasimulia wanahabari kwamba alifeli mtihani wake wa kwanza wa kemia katika chuo kikuu, akipata alama 20 kwa 100.

Mnamo 1993, yeye na wanafunzi wake walichapisha mbinu ya kudunga viambato kwa ghafla katika kimiminika chenye moto mkali. Mbegu nyingi za fuwele huzaliwa kwa mpigo mmoja, kisha joto hushuka na uzazi hukoma. Kimiminika kikipashwa tena, mbegu hizo hukua kwa pamoja. Walipata fuwele za ukubwa mbalimbali, kuanzia nanomita 1.2 hadi 11.5.

Katika kazi hiyo mwanga haukuwa shahidi wa baadaye tu, bali ndio uliokuwa ukiongoza upishi. Watafiti waliteka matone machache kutoka chunguni na kupima rangi yanazofyonza. Mahali kilipo kilele cha ufyonzaji paliwaeleza ukubwa wa wastani wa fuwele. Upana wa kilele uliwaeleza iwapo zinalingana. Kilele kikianza kutanuka walipunguza joto, na kikikoma kusogea walilipandisha, kama mpishi anayeonja mchuzi na kurekebisha moto.

Yanayosomwa katika rangi

Upimaji wa ufyonzaji ni mlango mmoja tu. Wa pili ni kuzimulika fuwele kwa leza au kwa mwanga wa urujuanimno, kisha kuutazama mwanga ambao fuwele zenyewe hutoa.

Mwanga huo hufichua hali ya ngozi ya fuwele. Katika fuwele ndogo hivyo, sehemu kubwa ya atomu huwa ziko juu kabisa, na nyingine hukosa jirani wa kushikana naye. Mahali kama hapo hunasa elektroni. Spektra hapo huonyesha ukungu mpana upande wa nyekundu, au mwanga hufifia kabisa.

Mnamo 1996, Margaret Hines na Philippe Guyot-Sionnest wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba kuivika fuwele ya kadimiamu selenidi gamba la zinki salfidi huiwezesha kurudisha takribani nusu ya mwanga iliyoumeza. Mwaka huohuo, kundi lililowajumuisha Bawendi na Brus lilichunguza fuwele mojamoja na kukuta kwamba huwaka na kuzimika kama kimulimuli, ijapokuwa leza inazimulika bila kukoma. Jambo hilo lilikuwa limefichwa na wingi, kwa sababu fuwele milioni zikitazamwa pamoja, kuzimika kwa moja hakuonekani.

Mlango wa tatu una jina la Mhindi C. V. Raman, aliyefanya ugunduzi wake jijini Calcutta mnamo 1928 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mnamo 1930. Mwanga wa rangi moja ukigonga kitu, karibu wote huruka ukiwa na rangi ileile. Sehemu ndogo mno hubadilika rangi kidogo kwa kuwa imeachia au imechukua nishati ya atomu zinazotetemeka.

Kila mpangilio wa atomu una mtetemo wake. Kwa kipimo cha idadi ya mawimbi katika sentimita moja, silikoni yenye fuwele kamili huonyesha kilele chembamba karibu na 520. Silikoni ambayo atomu zake zimekaa ovyo huonyesha mkunjo mpana karibu na 480. Fuwele za nanomita chache huwa na kilele kilichosogea kidogo chini ya 520 na kutanuka.

Kadhalika, kadimiamu selenidi hujitambulisha karibu na 210 na kadimiamu salfidi karibu na 300. Kwa hiyo, mtafiti aliyeivika fuwele gamba anaweza kujua iwapo gamba limeshika, au viambato vimechanganyika.

Rangi yaweza kudanganya

Licha ya uwezo huo, wataalamu hutahadhari. Fuwele ndogo ya kadimiamu selenidi yaweza kutoa rangi sawa na fuwele kubwa zaidi iliyochanganywa na salfa. Anayetazama rangi pekee atakosea kuhusu ukubwa wake.

Ndiyo sababu spektroskopia huendeshwa bega kwa bega na eksirei pamoja na hadubini ya elektroni. Vyombo hivyo huonyesha mpangilio wa atomu na ukubwa wa fuwele moja kwa moja, lakini ni ghali na huchunguza sampuli chache kwa wakati. Uhusiano baina ya rangi na ukubwa ukishathibitishwa navyo, kipimo cha mwanga hutosha kukagua chupa baada ya chupa katika muda wa dakika chache.

Ukaguzi huo si suala la urembo wa picha za runinga pekee. Kadimiamu ni metali yenye sumu inayodhuru figo na kudhoofisha mifupa. Katika mkoa wa Toyama nchini Japani, kadimiamu kutoka migodini iliingia mto Jinzu na mashamba ya mpunga, na wakazi wakapatwa na ugonjwa uliopewa jina la kilio cha wagonjwa wenyewe, yaani "inauma, inauma". Serikali ya Japani iliutambua rasmi mnamo 1968 kuwa ugonjwa uliosababishwa na uchafuzi.

Muungano wa Ulaya umeweka kikomo cha kadimiamu katika vifaa vya umeme kuwa asilimia 0.01 ya uzito wa kila malighafi iliyomo, ingawa kumekuwa na misamaha kwa matumizi fulani. Runinga za kwanza zenye nukta za kwanta, zilizouzwa na Sony mnamo 2013, zilitumia kadimiamu. Mnamo 2015 Samsung ilianza kuuza zisizo nayo, na watengenezaji wengi wamegeukia fosfidi ya indiamu.

Fosfidi ya indiamu nayo ina ukaidi wake. Ngozi yake huharibika upesi ikikutana na oksijeni, na ni vigumu kuzilinganisha fuwele zake. Kilele cha mwanga wake aghalabu huwa kipana zaidi, na kila hatua ya kukifanya kiwe chembamba hupimwa kwa spektroskopia ileile iliyoanzia katika vioo vya Leningrad.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuonja taaluma hii, mwanzo wake hauhitaji maabara. Diski ya zamani ya muziki ikielekezwa kwa balbu usiku, mistari yake midogo hutawanya mwanga kama mche wa kioo. Balbu ya waya huonyesha rangi zilizoungana bila pengo. Balbu ya kuokoa umeme, ile yenye mirija iliyopinda, huonyesha vipande vya rangi vilivyotengana, kwa sababu ya zebaki na unga uliopakwa ndani yake.

Waswahili husema vyaelea vimeundwa. Picha inayong'aa sebuleni imeundwa kwa fuwele ambazo mtazamaji hataziona kamwe, na ubora wake, pamoja na usalama wa yule atakayeokota mabaki ya runinga hiyo jaani baada ya miaka kumi, umetegemea watu waliojifunza kuusoma mwanga wake.